Mtoto wa Nani? Malezi, Utamaduni na Dini Kisiwani Pemba

Sosholojia ni elimu ya jamii. Inachunguza namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyofundishana, wanavyopangana kwa umri na kwa vyeo, na wanavyorudia mambo yaleyale mpaka yakaonekana kama maumbile. Mpita njia akimsikia mtoto wa miaka minne pale Micheweni au Kengeja akimwambia mzee "shikamoo", haoni jambo la kumsimamisha. Mwanasosholojia husimama hapohapo akauliza: nani kamfundisha mtoto huyu, na lini? Kwa nini mtoto anayepita bila ya kuamkia huulizwa "wewe mtoto wa nani?" kabla hata ya kuulizwa jina lake? Kosa ni la mtoto, lakini inayotakiwa kujibu ni nyumba yake. Katika swali hilo dogo la njiani mna sehemu kubwa ya somo.

Elimu hii ina umri mkubwa kuliko jina lake. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliiandika Muqaddima mwaka 1377, na humo akaeleza kinachowashika watu mpaka wakawa kitu kimoja. Alikiita asabiyya, yaani mshikamano wa kundi unaotokana na nasaba, ujirani na kusaidiana wakati wa shida. Jina sosholojia lilikuja katika karne ya 19, likaenezwa na Mfaransa Auguste Comte. Tangu hapo wanaoanza kuisoma taaluma hii huanzia kwenye dhana chache za msingi, na miongoni mwa hizo ni ujamiishaji, utamaduni na dini. Kisiwa cha Pemba, chenye watu zaidi ya nusu milioni katika wilaya za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, kinafaa sana kwa kuzitazama. Lugha ya watu wake ni moja na dini ya walio wengi ni moja, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba wote hulelewa kwa mkono mmoja. Ukweli ni kwamba kila mtoto wa kisiwa hicho ana walimu wengi, nao hawafundishi somo moja.

Ujamiishaji ni njia inayomgeuza kiumbe asiyejua neno hata moja kuwa mtu wa watu. Kiswahili cha kila siku kina maneno ya zamani kwa kazi hiyo. Kulea ni ile kazi ndefu ya miaka mingi. Kufunda ni mafunzo maalumu yanayotolewa kwa wakati wake. Kuadibu ni kumrekebisha aliyekosea. Sosholojia inayakusanya yote matatu, kisha inaongeza jambo la nne ambalo wazazi wengi hawalihesabu: mtoto hujifunza zaidi kwa yale anayoyaona yakitendwa kuliko kwa yale anayoambiwa.

Ujamiishaji wa awali huanza nyumbani, tena mapema sana. Mtoto wa Kiislamu anapozaliwa huadhiniwa sikioni, hivyo maneno ya mwanzo kusomewa ni maneno ya jamii yake. Siku ya saba, kwa wenye kufuata suna hiyo, hupewa jina na kufanyiwa akika. Mama hukaa arubaini akihudumiwa na wanawake wa nyumbani kwao au wa kwa mume. Kabla mtoto hajatambaa tayari ana nafasi: ni mjukuu wa fulani, mpwa wa fulani, mtoto wa kiambo fulani. Kiambo, katika vijiji vya Pemba, ni kundi la nyumba za jamaa waliokaa karibu karibu. Katika kiambo majina ya udugu hubeba kazi. Ami, nduguye baba wa kiume, ana haki ya kumkemea mtoto kama baba mwenyewe. Shangazi huheshimiwa kwa namna yake na mjomba kwa yake. Mtoto anapojifunza kumwita kila mmoja kwa jina linalomstahiki, papo hapo hujifunza anachodaiwa naye na anachoweza kumdai.

Hapa sosholojia inatofautisha hadhi na jukumu. Hadhi ni nafasi ya mtu katika jamii, jukumu ni tabia inayotarajiwa kwa aliyekaa katika nafasi hiyo. Hadhi nyingine mtu huzaliwa nazo, kama kuwa mwana wa kwanza au kuwa wa ukoo fulani. Nyingine huchumwa kwa jasho, kama kuwa mwalimu, nahodha au fundi wa vyombo. Mara nyingi mtu mmoja hubeba hadhi kadhaa zinazovutana. Sheha ni mfano mzuri. Kisheria yeye ni mteule wa serikali katika shehia yake, anayeandikisha watu na kupeleka taarifa wilayani. Mitaani ni jirani, ni mkwe, ni mwenzi wa safu moja msikitini. Anapotakiwa atoe taarifa juu ya mtoto wa nduguye, majukumu mawili hugongana ndani ya mtu mmoja, na jamii nzima humtazama aone atalipa uzito lipi.

Msimu wa karafuu ni darasa lisilo na ubao wala kengele. Jioni wachumaji hurudi, karafuu mbichi humwagwa juu ya jamvi, taa huwekwa katikati, na watu wa kiambo hukaa kulizunguka fungu. Kazi ya usiku huo ni kuchambua. Mtu hushika kishada, hukisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikaanguka jamvini na makonyo yakabaki vidoleni, kisha makonyo hutupwa upande wake. Mtoto wa miaka sita hukaa ubavuni mwa bibi yake. Hakuna anayemwambia kwamba yuko darasani. Huitazama mikono ya bibi, huiga, huchanganya makonyo na karafuu, hupigwa kikofi chepesi, huanza upya. Mikono yake ikiwa kazini, masikio nayo yamo kazini. Husikia kwamba mchumaji hulipwa kwa pishi, na kwamba fulani haaminiki kwa kipimo. Husikia nani anaozesha na nani amegombana na nduguye kwa mpaka wa shamba. Husikia sauti za wakubwa zikishuka ghafla, kisha anaambiwa aende kulala, naye hujua kwamba yapo maneno ambayo wakati wake bado. Kesho yake karafuu zitaanikwa juani, na mtoto atapewa kazi ya kutazama mawingu. Kwa usiku mmoja amefundishwa kazi, bei ya uaminifu, mipaka ya maneno na mahali pake katika duara la watu, na hakuna aliyetamka neno somo.

Mwalimu wa pili ni chuo, yaani madrasa ya Kurani. Watoto hukaa juu ya mkeka, wanaume upande wao na wanawake upande wao, misahafu juu ya marufaa, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja. Vizazi vya nyuma vilianza na alifu kwa ujiti, herufi baada ya herufi, juu ya ubao uliooshwa na kuandikwa tena. Mwanafunzi mkubwa huwasomesha wadogo, na mwalimu huwasikiliza mmoja mmoja. Shabaha inayotajwa ni kuhitimu Kurani. Pamoja na hiyo mtoto hupata mengine: kukaa kitako kwa muda mrefu, kusubiri zamu, kumheshimu aliyemtangulia kusoma hata kama ni mdogo wake kwa umri. Kwa watoto wengi wa Pemba chuo ndicho mahali pa mwanzo ambapo mtu asiyekuwa jamaa ana mamlaka juu yao.

Mwalimu wa tatu ni skuli. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, na tangu hapo skuli imekuwa njia kuu ya ujamiishaji wa pili, ule wa nje ya nyumba. Skuli humpanga mtoto kwa darasa, si kwa ukoo. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa ofisa hukaa dawati moja na hupimwa kwa mtihani mmoja. Skuli pia humkuta mtoto akizungumza Kipemba, lahaja aliyoipokea kwa mamake, kisha humtaka aandike Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kwa njia hiyo hujifunza jambo zito bila ya kuambiwa: kwamba namna moja ya kusema ina cheti na nyingine haina. Mtoto hodari hutoka akiwa na zote mbili, moja ya kalamu na moja ya moyo, naye hujua ipi ni ya kutumia wapi.

Walimu wengine hawana jengo. Marika humfundisha mtoto kuogelea, kucheza mpira, kuweka siri na kukubali kushindwa. Barza, mahali wanaume wanapokaa baada ya sala ya alasiri au isha, humfundisha kijana namna ya kubishana bila ya kuvunja heshima. Uani, wanawake wakisuka ukili wa mikeka, msichana husikia hesabu za maisha ambazo hazimo katika kitabu chochote. Redio imekuwamo majumbani tangu Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, na baadaye kisiwa kikapata redio zake za jamii, kama ile ya Micheweni. Sasa simu ya mkononi imeongeza walimu ambao mzazi hawajui sura wala majina.

Ujamiishaji hauishi utotoni. Msichana anayeolewa hupewa somo, mwanamke mtu mzima anayemfunda mambo ya unyumba, usafi, stara na namna ya kuishi na wakwe. Kijana anayeingia baharini hufundwa na nahodha: kuzisoma nyota na pepo, na kutosema maneno yanayowakatisha wenzake tamaa chomboni. Mtu anayestaafu, anayefiwa na mwenzi wake au anayehamia nchi nyingine huanza upya kama mwanafunzi. Sosholojia huita hali hiyo ujamiishaji wa ukubwani, na mara nyingi ndio mgumu zaidi, kwa sababu anayefundwa ana ya zamani ya kuyaacha.

Mwaka 1902 mwanasosholojia wa Marekani Charles Horton Cooley aliandika kwamba mtu hujijua kwa kujitazama katika kioo cha wenziwe: hufikiri anavyoonekana kwao, hufikiri watakavyomhukumu, na kutokana na hayo hupata fahari au uchungu. Wazungumzaji wa Kiswahili wana maneno mawili yanayoifikisha fikra hiyo mbali zaidi. Aibu huhitaji macho ya watu. Mtu huipata anapoonekana. Haya hukaa ndani. Humzuia mtu hata akiwa peke yake gizani. Mtoto mdogo huanza na aibu: haibi embe kwa kuwa ami anatazama. Malezi yakikamilika, aibu imegeuka haya: haibi hata ami akiwa Mombasa. Wanasosholojia huziita kanuni zilizofika hapo kanuni zilizozama ndani ya nafsi. Jamii inayotegemea aibu tupu inahitaji walinzi kila njia panda. Iliyojaaliwa haya inajilinda yenyewe.

Dhana ya pili ni utamaduni. Mwingereza Edward Tylor aliufafanua mwaka 1871 kuwa ni ule mkusanyiko wote wa maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo mwingine ambao mtu anaupata kwa kuwa mwanajamii. Neno la kushikwa hapo ni kuupata. Utamaduni hauji na damu. Mtoto wa Pemba akichukuliwa mchanga akalelewa Norway atakuwa mtu wa Norway, na mtoto wa Norway akilelewa Wingwi ataota kwa Kipemba.

Utamaduni una sehemu ya kushikika na sehemu isiyoshikika. Ya kushikika ni jahazi, ngalawa, mkeka, nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, kanga na buibui. Isiyoshikika ni lugha, imani, heshima na hadithi. Hata hivyo sehemu hizi haziachani. Mkeka wa mtu mmoja mlangoni ni kitu. Mkeka wa sala ulioelekezwa kibla ni kitu kilichobeba maana. Na hadithi nazo hung'ang'ania mawe. Katika magofu ya Pujini wenyeji husimulia habari za mtawala Mkama Ndume, aliyewalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Simulizi hiyo haielezi ukuta tu. Imewapa watoto wa vizazi vingi kipimo cha utawala mbaya, na kipimo hicho kimedumu kuliko ngome yenyewe.

Wengi hudhani utamaduni wa kweli ni ule usiochanganyika. Historia ya Pemba inasema vingine. Tumbe palikuwa na mji wenye kufanya biashara ya ng'ambo tangu karne ya 7. Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, wataalamu walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na zenye majina ya watawala wa humuhumu pwani, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za mbali. Muhogo unaoliwa kila nyumba asili yake ni Amerika ya Kusini. Karafuu yenyewe, inayokifanya kisiwa kinukie, ni mgeni kutoka visiwa vya Maluku huko Indonesia, iliyofika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikachukua uongozi wa zao hilo. Kutoka hapo zikazaliwa kalenda ya msimu, kipimo cha pishi, namna ya kukodi mashamba na mipango ya harusi inayongoja mavuno. Baada ya Mapinduzi serikali iligawa ardhi kwa eka tatu tatu, na sura ya umiliki ikabadilika tena. Utamaduni ni kama ukili: kila uzi mpya unapoingizwa mapema na kukazwa vizuri, baada ya dhiraa mbili tatu hakuna anayeweza kuuchomoa.

Kila utamaduni una kanuni, nazo hutofautiana kwa uzito. Mmarekani William Graham Sumner alizipanga mwaka 1906 katika madaraja, na Kiswahili kina majina yake. Desturi ni kanuni nyepesi, kama kubisha hodi au kula kwa mkono wa kulia. Anayezivunja hukunjiwa uso tu. Mila zina uzito wa maadili, kama kuwatunza wazazi na kusitiri ndoa. Anayezivunja hutengwa, huozewa kwa taabu, au hutajwa kwa jina baya kizazi hadi kizazi. Sheria imeandikwa na ina mahakama. Zanzibar ina mahakama za kawaida na mahakama za kadhi zinazoshughulikia ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na mizozo mingi humalizwa na wazee kabla ya kufika kwa kadhi. Hayo yote kwa pamoja huitwa udhibiti wa jamii.

Jambo moja la utamaduni huweza kufanya kazi mbili, moja iliyotajwa na moja iliyofichika. Mmarekani Robert Merton alilisisitiza hilo katikati ya karne ya 20, na mchezo wa ng'ombe wa Pemba unalithibitisha. Mchezo huu, ambao wengi huuhusisha na kuwapo kwa Wareno katika karne ya 16 na ya 17, hufanyika katika vijiji vya kisiwa hicho baada ya pilikapilika za mavuno na kabla ya mvua za masika. Fahali hufungwa kamba, vijana humchokoza na kumkwepa mbele ya umati, wanawake huimba, na fahali hauawi. Shabaha iliyo wazi ni burudani, na kwa wazee wengine ni kuomba mvua na neema. Iliyofichika ni kubwa zaidi: vijiji vinavyoshindana mwaka mzima hukutana, kijana hupata jina la ushujaa mbele ya wakwe watarajiwa, na walio mbali hupata sababu ya kurudi kwao. Anayeufuta mchezo kama huo kwa kuhesabu gharama za kamba na ng'ombe anaweza kuwa amefuta baraza la wilaya bila ya kujua.

Kuihukumu jamii nyingine kwa mizani ya nyumbani ni kosa ambalo sosholojia inalionya tangu somo la kwanza. Pemba imelionja. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, alikieneza kisiwa hiki kama kitovu cha uchawi, na sifa hiyo imekuwa ikirudiwa na watu ambao hawakuwahi kumsalimia Mpemba. Mwanasosholojia huanza kwa kuuliza waganga wanafanya kazi gani, nani huwaendea, kwa ugonjwa gani, na mgonjwa huyohuyo huenda hospitali lini. Kuuliza hivyo si kukubali kila linalosemwa. Ni kumpa mwenzio haki ya kueleweka kabla ya kuhukumiwa.

Dhana ya tatu ni dini. Mfaransa Émile Durkheim, katika kazi yake ya mwaka 1912, aliitazama dini kama mfumo wa imani na matendo yanayohusu vitu vitakatifu, vilivyotengwa na vya kila siku, na unaowaunganisha wote wanaoufuata kuwa jumuiya moja. Sosholojia haijadili kama dini ni ya haki. Kazi hiyo ni ya maulamaa. Inachouliza ni dini inafanya nini katika maisha ya watu.

Uislamu una mizizi mirefu Pemba. Msafiri Al-Masudi, aliyezijua bahari hizi mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika juu ya kisiwa cha Qanbalu chenye Waislamu miongoni mwa wakaazi wake, na wataalamu wengi wanakifananisha na Pemba. Magofu ya msikiti yapo Ras Mkumbuu na Chwaka ya Tumbe hadi leo. Walio wengi ni Sunni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na wapo Waibadhi wenye nasaba na Oman. Mmoja hufunga mikono katika sala na mwingine huiachia, kisha wote wawili hutoka wakaulizana habari za mvua. Ukristo nao una historia yake. Mwaka 1897, ulipofutwa uhalali wa utumwa katika himaya ya Sultani, Wakristo wa jumuiya ya Marafiki kutoka Uingereza, wakiongozwa na Theodore Burtt, walianzisha misheni na shamba Banani ili kuwapa makao na kazi waliotoka utumwani. Kwa watu waliokuwa wamenyang'anywa nasaba, jumuiya ya ibada ilikuwa ukoo mpya.

Kazi ya dini inaonekana wazi zaidi msibani. Mtu akifariki kijijini, habari huenda haraka kuliko gari. Wanaume huchimba kaburi, wanawake huingia jikoni mwa waliofiwa, na hakuna anayesubiri kualikwa. Safu za sala ya maiti humweka tajiri bega kwa bega na mchumaji wake. Khitma ikisomwa, wenye ugomvi wa mpaka hukaa mkeka mmoja, na si mara chache ugomvi ukaisha hapohapo. Kinachotajwa ni kumwombea marehemu. Kinachotendeka pamoja na hicho ndicho alichokiita Ibn Khaldun asabiyya: kundi limepungukiwa na mtu mmoja, nalo hujikaza lisifumuke.

Dini na mila huishi nyumba moja, na Wapemba wenyewe hawachoki kuzitenganisha. Juu ya mizimu, mazinguo, ngoma za harusi au namna ya kusoma maulidi, swali la barzani ni lilelile: hili ni la dini au la mila? Wapo wanaoshikilia kwamba yaliyofanywa na mababu wacha Mungu hayawezi kuwa kosa. Wapo vijana waliosoma vyuo vya ng'ambo wanaodai ushahidi wa maandiko kwa kila jambo. Mjadala huo wakati mwingine huumiza, hasa unapopita katikati ya baba na mwana. Hata hivyo ni dalili ya jamii inayofikiri juu ya malezi yake, na wanaojadiliana hivyo wanaifanya kazi ya sosholojia hata kama hawalitumii jina lake.

Misali inaonyesha dhana zote tatu zikikutana. Kisiwa hicho kidogo kiko magharibi ya Pemba, na wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akataka msala wa kusalia. Ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ndio msala, kwa kuwa kimeelekea kibla. Ndipo, kwa simulizi hiyo, likatoka jina. Mwaka 1998 eneo hilo lilifanywa hifadhi, kwa kuwa uvuvi wa kuharibu matumbawe ulikuwa ukila mtaji wa wavuvi wenyewe. Amri za serikali peke yake zilipata utii wa aibu: mtu hufuata doria ikiwapo. Miaka ya mwanzo ya hifadhi, wahifadhi pamoja na shirika la Kiislamu la mazingira la Uingereza, IFEES, walikaa na masheikh na wavuvi, wakasoma mafundisho ya Kurani juu ya mwanadamu kuwa khalifa katika ardhi, na juu ya mizani ambayo hana ruhusa ya kuivunja. Kanuni ileile ikapata mzizi mwingine. Sheria ilikwenda kuomba msaada kwa dini, na dini ikaukuta mlango tayari umefunguliwa na hadithi ya wazee. Mafundisho ya Kiislamu huihesabu haya kuwa sehemu ya imani, na bahari, ambayo haina mlinzi wa kuitosha, haihifadhiki ila kwa haya.

Wapemba wamesafiri sana, na safari ndiyo inayopima ujamiishaji. Wavuvi huenda dago miezi kadhaa, wakaweka kambi mbali na kwao, wakapika, wakasali na kugawana samaki kwa kanuni walizotoka nazo nyumbani. Wengine hawakurudi. Katika kaunti za Kwale na Kilifi waliishi vizazi bila ya vitambulisho, mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi mwaka 2023. Wengine wako Kariakoo na maduka yao, wengine Muscat, ambako Kiswahili husikika majumbani tangu waliotoka Zanzibar walipohamia, hasa baada ya mwaka 1970. Kote huko watoto wanaozaliwa wana walimu zaidi ya wale wa kiambo, na masomo yanayogongana zaidi. Mama anayemlazimisha mwanawe wa Muscat aamkie kwa "shikamoo" anafanya kazi ileile ya bibi wa jamvini, bila ya taa, bila ya karafuu, na bila ya duara la jamaa la kumsaidia.

Kwa hiyo dhana tatu hizi ni nyuzi za msuko mmoja. Utamaduni ndio unaopokewa. Ujamiishaji ndio mkono unaoupokeza. Dini, katika jamii kama ya Pemba, huupa uzito wa kushikwa hata pasipo na anayeona. Ukikatika mmoja, mbili zilizobaki hulegea: utamaduni usiofundishwa huwa kumbukumbu ya wazee, malezi yasiyo na maana huwa amri tupu, na dini isiyolelewa nyumbani hubaki msikitini. Na mtoto wa miaka minne anayeulizwa njiani ni wa nani, hata akitaja jina la baba yake tu, nyuma ya jina hilo wamesimama bibi aliyemwonyesha kuchambua, ami aliyemkemea, mwalimu wa chuo na wa skuli, wenzake wa mpira na jirani huyuhuyu anayemuuliza.